Pumzika Ndani, Pumzika Nje

Masi hakujua tofauti ya kupumua na kupumzika. Alizaliwa Unguja, akaolewa Unguja, na Kiswahili chake kilimtosha kununua mchicha, kugombana na muuza maziwa na kuuliza hali ya mgonjwa, lakini maneno hayo mawili yalimshinda. Kwake yote yalikuwa "pumzika". Kwa hiyo nilipofundishwa yoga, miaka mingi kabla sijalisikia neno lenyewe, nilifundishwa hivi: "Pumzika ndani. Pumzika nje." Mpaka leo, nikiwa kwenye kituo cha basi na hakuna ajuaye basi litafika lini, au katika chumba cha gesti mji wa watu na usingizi umekataa, hayo ndiyo maneno ninayoyasikia, kwa sauti yake ya puani, na mwili unatii.

Tulikuwa tumehamia Mjini kutoka mitaa ya Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alipewa vyumba viwili katika nyumba kubwa ya mawe. Yeye mwenyewe hakupenda nyumba za ngazi, basi akamweka humo mama yake, yaani bibi yangu, nami nikawa na bibi, kwa kuwa mama alikuwa ameolewa tena Mkokotoni na nyumba yake ilikuwa imejaa. Bibi naye hakuzipenda ngazi. Alikuwa na magoti mabovu. "Nyumba gani hii," alikuwa akisema, "mtu akisahau chumvi lazima asafiri."

Juu yetu waliishi Masi na mumewe, fundi wa saa. Masi ni neno la Kigujerati, maana yake mama mdogo. Watoto wa mtaa walimwita hivyo na watu wazima wakafuata. Walikuwa Banyani, kama tulivyowaita Wahindi wa dini ya Kihindu, na watoto wao wote walikuwa wameshaondoka Unguja. Bibi na Masi walikuwa majirani wa sahani. Sahani ya Masi ilishuka na ladu, vitamu vya Kihindi, ikapanda na visheti, na mimi ndiye niliyekuwa nikiibeba. Salamu zilipita kwenye ngazi asubuhi na jioni. Lakini hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga ndani ya mlango wa mwenzake.

Mimi nilikuwa nakimbia. Sijui niseme vipi bila kujisifu, lakini skuli nzima hapakuwa na msichana wa kunipita katika yadi mia, na wavulana wachache pia walikuwa hawapendi kujaribu. Tatizo langu lilikuwa kwenye mstari. Nilikuwa nachomoka. Wenzangu wakiwa wameinama, mikono chini, wanangoja, mimi nshafika katikati ya uwanja. Unarudishwa mara ya kwanza, unaonywa. Ukirudia, unatolewa. Mimi nilikuwa narudia. Nikitolewa nilikwenda nyuma ya mnazi nikatapika, nikarudi nikakaa kwenye majani kuwatazama wasichana niliowazidi mbio wakipigiwa makofi.

"Kachomoka tena!" wenzangu walikuwa wakipiga kelele. "Shoga, kwani kwenu kunaungua?"

Mwalimu wa michezo alijaribu kila alilolijua. Alinitukana, akanibembeleza, akaniweka mstari wa pembeni, akaniambia nifumbe macho. Bastola hatukuwa nayo. Alikuwa akigonganisha vipande viwili vya mbao, pa, na sisi tunaondoka. Hakujua, wala mimi sikujua kumwambia, kwamba shida yangu haikuwa haraka. Ilikuwa ni ile sauti. Mwaka wa sitini na nne, bado tuko Ng'ambo, tulilala chini ya kitanda mimi na bibi, na milio ikawa inakuja, inanyamaza, inakuja. Kisha mambo yakatulia, watu wakarudi makazini, mimi nikarudi skuli. Hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini tangu hapo, nikijua kwamba kitu kitalia, ninachoogopa zaidi ni kule kungoja kilie. Nikiwa pale mstarini nilitaka niwe nishaondoka kabla hakijalia. Ndiyo yote.

Mwaka niliokuwa karibu kumaliza skuli, tulitangaziwa kwamba itachaguliwa timu ya Unguja kwenda kushindana Dar es Salaam. Wawili wa mwanzo katika kila mbio ndio watakaokwenda. Mtu wa leo hawezi kujua habari hiyo ilikuwa na uzito gani. Kwenda bara siku hizo halikuwa jambo la kuamka tu ukachukua kikapu chako. Ilihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji sababu, na msichana wa skuli sababu ataitoa wapi? Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mkokotoni kumwona mama. Nilikuwa nikipanda juu ya sakafu, yaani paa la nyumba, kuanika nguo, na kule juu unaziona meli zikitoka, unaziona mpaka zinakuwa doa, na mimi ninabaki na shuka la bibi mkononi linanidondokea maji miguuni. Nilitaka kuondoka. Si kwa sababu mtu alinifanyia ubaya. Nilikuwa hivyo tu, na mpaka leo niko hivyo. Sijakaa mji mmoja miaka mitano.

Mwalimu aliniita pembeni.

"Wewe ndiye mwepesi kuliko wote hapa," alisema, "na hunifai kitu. Unanifahamu?"

"Nakufahamu, Mwalimu."

"Siku ya kuchagua timu, ukichomoka hata mara moja, sisubiri mwamuzi. Nakutoa mwenyewe. Nshachoka kuaibika."

Asubuhi ya siku iliyofuata nilipanda na nguo mapema kuliko kawaida, kwa kuwa sikuwa nimelala. Masi alikuwepo. Amekaa juu ya mkeka mdogo, miguu ameikunja kila mmoja juu ya paja la mwenzake, mgongo umenyooka kama ameegemea ukuta na ukuta haupo. Kidole gumba kimeziba tundu moja la pua. Baadaye akalifungua, akaliziba la pili. Nilidhani ana mafua.

"Masi, hujambo? Unaumwa?"

Hakujibu. Nilianika nguo zote, na nilipomaliza ndipo alipofungua macho.

"Mimi hapana umwa. Mimi kazi ya asubuhi." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiyo umwa. Macho yako kama mbuzi ya Idi."

Sijui kwa nini nilimweleza yeye. Labda kwa kuwa alikuwa si wa skuli wala si wa kwetu. Nilimwambia habari za mstari, mbao, kutapika, Dar es Salaam. Alisikiliza huku akikunja mkeka, kisha akaukunjua tena.

"Wewe hapana ogopa mbio," alisema. "Wewe ogopa sauti."

Sikuwa nimemtajia sauti.

"Mimi pia," akasema. "Mwaka ile, mkono yangu iko hivi." Akainyanyua mikono yake akaitikisa mbele ya uso wangu. "Sindano hapana shika. Chapati hapana sukuma. Mume yangu nasema, wewe kwenda daktari. Mimi nasema, hapana daktari, iko kazi ya baba yangu." Baba yake, alinieleza, alikuwa akiifanya kila siku tangu alipokuwa kijana huko Kachi, Bara Hindi, na alimfundisha binti yake akiwa mdogo, naye akaiacha alipoolewa, kwa kuwa mwanamke mwenye watoto hana nafasi ya kukaa akaziba pua. Aliirudia mwaka ule.

"Kaa," aliniambia. "Gongo nyoosha. Pua hii funga. Sasa, pumzika."

Nikalala.

Nililala chali juu ya mkeka wake, kwa kuwa aliniambia nipumzike, na mtu akikwambia upumzike hukai umejiziba pua. Masi alipiga kelele.

"Nini sasa? Mimi nasema pumzika, wewe nalala kama gunia!"

"Si umesema nipumzike?"

"Ndiyo! Pumzika! Hivi!" Akavuta pumzi kwa nguvu, mabega yakapanda. "Pumzika ndani." Akaitoa polepole. "Pumzika nje."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Masi, hiyo ni kupumua." Akalirudia neno, pumua, pumua, kama mtu anayejaribu kiatu, kisha akalitupa. "Pumzika iko zuri zaidi," akasema, na hatukulizungumza tena.

Nikawa napanda kila asubuhi kabla ya skuli. Hakunifundisha mambo ya kujipinda kama wanavyofundisha siku hizi. Mara moja niliona Tanga, nje ya uwanja, mkufunzi kijana amewalaza wachezaji wa mpira kwenye majani siku ya fainali, amewashika miguu mmoja mmoja, anawaambia viungo vyao vilegee, na wao wanachekana. Nilisimama nikawatazama mpaka wakaondoka. Kwa Masi ilikuwa ni kukaa, pua, na mwisho kulala chali, mikono mbali na mwili, viganja juu, usitikisike. Hiyo ya mwisho aliiita "lala ya maiti". Alisema ndiyo ngumu kuliko zote na alisema kweli. Mimi niliyekuwa siwezi kungoja mbao zigongane, niliambiwa nilale pale nisingoje kitu chochote.

Kosa langu lilikuwa kwenda kuifanya nyumbani. Siku moja alasiri bibi alikuwa amekwenda kwa jirani, nikatandika jamvi, nikalala. Kulikuwa na nzi, nikajifunika khanga mpaka usoni. Na nilikuwa nimeanza kuijua kazi hiyo, pumzi ilikuwa imekuwa ndogo sana, ya kuingia na kutoka bila ya kifua kunyanyuka. Bibi akafungua mlango.

"Inna lillahi!" nilisikia, na kishindo cha kikapu. "Mwanangu! Jamani! Mwanangu!"

Niliruka. Kitendo hicho kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu sasa maiti amekaa kitako. Bibi alishika mwimo wa mlango, mkono wa pili kifuani, ndimu zinabiringika sakafuni hadi kwenye ngazi, tunazisikia zinashuka moja baada ya moja.

"Nafanya mazoezi, bibi."

"Mazoezi ya nini? Ya kufa?"

"Ya mbio."

"Mwehu," akasema. "Mtu haigizi kufa, we mwana. Nani kakufundisha?"

Sikujua kusema uongo kwa bibi. Nilinyoosha kidole juu.

Hapo ndipo bibi yangu, ambaye alikuwa akiomba radhi kwa magoti yake kila alipoamka, alipopanda ngazi za juu kwa mara ya kwanza. Nilimfuata nyuma. Alisimama mlangoni kwa Masi akihema, akavua viatu, akapita ndani. Masi alikuwa akipepeta mchele. Aliinuka haraka, akatafuta kiti, akakipangusa kwa ncha ya sari.

"Karibu, Bi Mkubwa. Kaa. Kaa."

Bibi alikaa. "Masi, mimi na wewe hatujawahi kukoseana."

"Hapana kosa hata moja."

"Basi nataka kukuuliza, na usinifiche. Huyu mtoto unamfundisha dini yako?"

Masi aliweka ungo chini. "Dini?" Akajishika pua. "Bi Mkubwa, hii iko pua. Wewe iko pua, mimi iko pua. Pua hapana dini."

"Na maneno? Unamsomea maneno gani?"

"Neno moja tu. Pumzika."

Bibi akanigeukia mimi. "Kweli?"

"Kweli, bibi. Anataka kusema pumua."

"Anataka kusema pumua," bibi akarudia taratibu, na nikaona mdomo wake unaanza kuchezacheza pembeni. "Masi, pumua ni hivi." Akapumua. "Kupumzika ni mtu kakaa kitako, kanyoosha miguu, hana shughuli."

"Haya," Masi akasema. "Wewe sasa nakaa kitako? Nyoosha miguu?"

"Nimekaa."

"Sasa pumua. Polepole. Ile pumzi ya ngazi itoke."

Bibi akapumua, kwa adabu tu nadhani, kwa kuwa yumo ndani ya nyumba ya mtu. Akarudia. Aliacha kuhema. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika ndimu mbili. Kisha bibi akasema, "Babu yenu alikuwa mtu wa zikri. Walikuwa wakivuta pumzi hivyo, wanaume wamepanga safu, nyumba nzima inatikisika." Akakaa kidogo tena. "Basi," akasema akiinuka, "akivuta amtaje Mola wake moyoni. Na khanga usoni sitaki kuiona tena."

Masi alikubali yote mawili. Bibi alishuka na sahani ya gathia za unga wa dengu.

Bado ilibaki sauti. Masi alisema kwamba pumzi bila sauti ni kama kujifunza kuogelea kitandani. Akachukua sinia la shaba na mwiko. Mimi nikainama kwenye sakafu ya juu kama niko mstarini, mikono chini, nikavuta, nikatoa, na wakati wowote atakaotaka yeye, mbele yangu au nyuma yangu, analipiga sinia. Sheria yake ilikuwa kwamba nisiondoke sinia likilia. Niondoke likinyamaza.

"Masi, kwenye mbio unaondoka ikilia."

"Kwanza kaa nayo. Ondoka baadaye."

Siku za mwanzo niliruka kila mara, na mara moja niliruka hata kabla ya mwiko kunyanyuliwa, kwa kuwa njiwa alitua. Kutoka chini ya mtaa muuza kahawa alipiga ukelele, "Enyi wa huko juu, kuna harusi? Mbona hatukualikwa?" Masi alimjibu kwa Kigujerati, maneno mengi, na kwa sauti yake nilifurahi kutoyafahamu. Lakini zikapita wiki, na asubuhi moja sinia likalia nyuma ya kichwa changu na mimi nikabaki vile vile, pumzi inatoka taratibu, na nikausikia ule mlio unavyopungua hadi ukafika mwisho. Sikuwa nimewahi kujua kama mlio una mwisho. Masi aliligeuza sinia akalitazama kama lina kosa.

Siku ya kuchagua timu ilikuwa Jumamosi. Uwanja ulijaa. Wasichana wa yadi mia tulikuwa sita, na wa kuogopwa alikuwa msichana mrefu wa Kiembe Samaki, mwenye miguu kama ya korongo. Nilikuwa na suruali aliyonishonea bibi, imefika magotini, ingeweza kumtosha na mjomba. Sikutapika. Mwalimu alikuja akanisimamia ubavuni, mikono nyuma. Mwamuzi alikuwa na bastola ya kweli.

"Mahali penu!"

Nikainama. Nikavuta pumzi.

"Tayari!"

Nikaitoa. Bastola ikalia.

Niliusikia mlio wote, mwanzo wake na mwisho wake. Niliuona moshi ukienda upande wa pili. Ukanyamaza, na moyo wangu haukuwa umeruka hata kidogo, na nikafurahi sana, peke yangu pale chini, mikono yangu imo katika chokaa. Halafu nikakumbuka kwamba natakiwa kukimbia.

"Bibie!" mtu alipiga kelele jukwaani. "Wenzio washafika sokoni!"

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, na nikawa wa nne. Yadi mia ni chache. Huwezi kuanza safari baada ya wenzio kuondoka ukategemea kuwakuta njiani. Wa Kiembe Samaki alikuwa wa kwanza. Nilisimama baada ya utepe nikajua kwamba Dar es Salaam imekwenda, na imekwenda kwa sababu nimepona.

Wenzangu wa skuli hawakuniachia. "Jamani, huyu mtu! Zamani alikuwa anakwenda bila ya bunduki, leo bunduki imekwenda bila yake!"

Nilitaka kulia, lakini mwili haukuwa na kilio. Ulikuwa umetulia mno. Wale watano wengine walikuwa wameinama, mikono magotini, midomo wazi. Mwalimu alikuja. Nilimwamkia, sijui kwa nini, tulikuwa tumeshaonana asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechoka?"

"Sijachoka."

"Hata kidogo?"

"Sikukimbia vya kutosha kuchoka, Mwalimu."

Alinitazama kifua, kisha uso. "Funga mdomo," alisema, ingawa ulikuwa umefungwa. "Unapumua kwa pua?"

"Ndiyo."

"Sasa hivi? Baada ya mbio?"

"Ndivyo nilivyozoea."

Akageuka akatazama uwanja, ambako walikuwa wakipaka upya mstari wa mbio za jioni. "Nusu maili tuna msichana mmoja tu," akasema. "Umewahi kukimbia nusu maili?"

"Sijapata."

"Hata mimi sijapata kukuwazia. Lakini nusu maili, ukichelewa mstarini hatua mbili tatu, hakuna atakayekumbuka. Nenda kakae kivulini. Usile."

Nilikaa kivulini. Nilifanya kazi ya Masi, pua hii, pua ile, watu wanapita wananitazama. Kijana mmoja alimnong'oneza mwenziwe kwamba nafanya dawa, na habari ikazunguka upesi, kwa sababu jioni tulipopangwa mstarini yule wa Kiembe Samaki, ambaye na nusu maili alikuwemo, aliniuliza kwa chini, "Shoga, umetufunga?"

"Nimefunga pua tu," nikamwambia. Hakuamini. Akaomba ahamishwe, akapelekwa upande wa pili.

Bastola ililia. Nikaisikiliza mpaka mwisho, nikaondoka wa mwisho. Mzunguko wa kwanza watu walinicheka, kwa kuwa nilikuwa peke yangu nyuma na suruali ile ya kumtosha mjomba. Sikuwa na ujuzi wowote wa mbio hizo, basi nilifanya nilichokijua: hatua kadhaa pumzi inaingia, hatua kadhaa inatoka. Pumzika ndani. Pumzika nje. Katika mzunguko wa pili nilianza kuwasikia walio mbele yangu, wanavyovuta hewa kwa midomo kama watu waliotolewa kisimani. Nikampita mmoja, nikampita mwingine, na sikuwa nimeongeza kitu, ni wao waliokuwa wakirudi kwangu. Kwenye kona ya mwisho alibaki yule korongo. Sikumpata. Alinizidi kwa urefu wa mkono. Lakini nyuma yangu hapakuwa na mtu wa karibu, na waliotakiwa ni wawili.

"Wa pili?" bibi aliuliza usiku. "Wa kwanza nani?"

"Msichana wa Kiembe Samaki."

"Ah, hao wanakaa na uwanja wa ndege. Wamezoea kukimbizana na ndege." Akarudi kwenye kushona, lakini nilimwona akitabasamu na uzi mdomoni.

Masi aliuliza neno moja tu. "Umepumzika?"

"Nimepumzika, Masi."

Siku ya kuondoka alinipa chupa ya achari ya embe nimpelekee mwanawe aliyehamia Dar es Salaam. Aliifunga kwa vitambaa mara nyingi hata ikawa kama mtoto mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda, zaidi ya mara moja, na hakuwa amejibiwa. Hilo sikuambiwa na yeye. Nilimsikia mumewe akimweleza mjomba kwenye ngazi.

Bandarini tulipangwa mbele ya meza. Ofisa alikuwa akisoma majina, mtu akiitwa anaitika, anapita anapanda melini. Kijana mmoja mtupa mkuki alikuwa mbele yangu. Ofisa alimtazama, akamtazama tena, akamwambia akae pembeni. Hatukuelezwa sababu. Mwalimu alianza kusema kitu, akanyamaza. Yule kijana alikaa juu ya sanduku lake, miguu imeelekea mjini, na sisi tukajifanya hatumwoni.

Basi ile hali ya mstarini ikanirudia yote. Nikaona kinywa cha ofisa kinafunguka, na sikuweza kungoja.

"Naam!" nikaitika.

Kila mtu akageuka. Ofisa alinyanyua macho. "Nani kaitika?"

"Mimi."

"Mimi sijakuita."

Mwalimu akasogea mbele na kofia yake mkononi. "Bwana mkubwa, msamehe," alisema. "Ndiyo maradhi yake huyu. Anachomoka."

Wenzangu walipasuka kwa kicheko, wa Kiembe Samaki zaidi ya wote. Ofisa hakucheka. Alirudisha macho mezani, akasoma jina la mtu mwingine, na la mwingine, nao wakapita, na mstari ukawa mfupi, mpaka nikabaki mimi na chupa yangu ya achari. Nilifunga mdomo. Nikavuta, nikatoa. Pale kwenye sanduku mtupa mkuki alikuwa akinitazama.

Ofisa alilisoma jina langu, la baba na la babu. Nililisikia lote, mwanzo wake na mwisho wake, na nikaliacha linyamaze.

"Naam," nikasema.

Aliweka alama mbele ya jina.

"Mara hii umekawia," akasema. "Pita."